Bunduki Ina Namba, Askari Hana Jina

Siku ile nilikwenda Mbozi kumsomea babu sura ya tatu ya riwaya yangu. Niliondoka Tunduma asubuhi, malori yakiwa yamepanga foleni kuelekea Nakonde kama kawaida yake, nikapanda kosta mpaka Vwawa, halafu bodaboda mpaka kwa babu, katikati ya mibuni. Daftari nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Ndugu msomaji, kama na wewe unaandika, hali hiyo unaijua. Unaogopa, lakini unataka kusifiwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea tumbaku au umeniletea maneno tena?"

"Maneno, babu."

"Haya, soma. Tumbaku utaleta siku nyingine."

Macho ya babu hayaoni maandishi tena, kwa hiyo mimi ndiye msomaji wake. Riwaya yangu inamhusu baba yake, yaani mimi ni kitukuu wa shujaa wangu mwenyewe. Mzee huyo aliandikishwa jeshini mwaka 1940, akaenda Uhabeshi, baadaye Bama, akarudi, akapanda kahawa, akafa kabla mimi sijazaliwa. Katika sura ya tatu nimemweka Uhabeshi, mwaka 1941. Amelala kifudifudi kwenye majani. Waitaliano wanakuja. Anafyatua risasi kumi mfululizo, moja baada ya nyingine, bila kugusa kitu kingine isipokuwa kifyatulio. Bunduki hiyo niliiona picha yake kwenye simu ya rafiki yangu pale kwenye duka la steshenari ninakofanya kazi. Ilikuwa bunduki ya ajabu, ya kijeshi, ya kati ya vita kuu mbili, tena adimu. Nikasema, hii ndiyo ya shujaa wangu!

Babu alicheka mpaka akakohoa.

"Bunduki hiyo alipewa na nani?"

"Na Waingereza, babu."

"Waingereza gani hao? Baba yangu alivuta komeo kila risasi. Vuta, sukuma, piga. Vuta, sukuma, piga. Hata uzeeni mkono wake wa kulia ulikuwa ukifanya hivyo usingizini. Futa hiyo."

Kwa kweli nilikasirika. Sura nzima! Nilirudi Tunduma na hasira zangu, nikasema nitamtafutia babu ushahidi. Nilichokipata ndicho ninachokuletea hapa.

BUNDUKI YENYEWE

Inaitwa ZH-29. Jina hilo si la kishairi hata kidogo. Z ni Zbrojovka, maana yake kiwanda cha silaha. H ni Holek, jina la fundi. 29 ni mwaka 1929. Kiwanda kilikuwa katika mji wa Brno, nchi ya Czechoslovakia, ambayo nayo ilikuwa nchi mpya kabisa. Ilitangazwa tarehe 28 Oktoba 1918, wakati vita kuu ya kwanza inakata roho. Fundi mwenyewe ni Emanuel Holek. Shika jina hilo, na ukumbuke kwamba alikuwa na kaka aitwaye Václav. Tutarudi kwao.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu jambo lililowasumbua mafundi wa dunia nzima miaka ile. Bunduki ya kawaida ya askari ilikuwa ya komeo. Ukishapiga, unanyanyua komeo, unalivuta, ganda linaruka nje, unasukuma, risasi mpya inaingia, unapiga tena. Yaani kile kile alichokisema babu. Kila mara mkono unatoka kwenye kifyatulio na jicho linapoteza shabaha. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwafundisha wakubwa kwamba dakika moja mbele ya bombomu, ile bunduki inayomwaga risasi kama mvua, ni ndefu mno kwa mtu anayevuta komeo. Ndipo kila dola likataka bunduki ya askari mmoja inayojikoki yenyewe.

Holek alifanya hivi. Risasi inapopita ndani ya mtutu inasukumwa na gesi ya baruti. Akatoboa tundu dogo kwenye mtutu ili gesi kidogo ipenye na kusukuma chuma kinachorudi nyuma. Chuma hicho kinafungua mlango wa bunduki, kinatupa ganda, na springi inarudisha kila kitu mbele pamoja na risasi mpya. Ajabu yake ni kwamba kizuizi kinachofunga mlango huo hakiinuki wala hakizunguki, bali kinainama upande. Kwa sababu hiyo mtutu wenyewe umekaa mshazari kidogo na mwili wa bunduki. Mtu anayeitazama kutoka juu anaweza kudhani imepinda. Haikupinda. Ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi, na ilikula risasi za milimita 7.92, zile zile za bunduki za Mjerumani.

Holek hakuwa peke yake. Huko Marekani John Pedersen alitengeneza bunduki yake ambayo risasi zake zilipakwa nta nyembamba ili zisikwame. Kampuni ya Vickers ya Uingereza ikajaribu kuiunda na kuiuza, ikakosa wanunuzi. Zilizobaki leo zinahesabika. Aliyemshinda Pedersen ni John Garand, mzaliwa wa Canada. Mwaka 1932 Jenerali MacArthur alikataa risasi ndogo mpya ya Pedersen kwa sababu ghala za jeshi zilikuwa zimejaa risasi za zamani, na mwaka 1936 jeshi la Marekani likaikubali rasmi bunduki ya Garand. Hata ZH-29 ilipelekwa Marekani kujaribiwa, ikashindwa kupata oda.

Kwa nini ilishindwa? Ilikuwa ghali na kuiunda kulikuwa na kazi nyingi. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na serikali nyingi hazikuwa na fedha ya kubadilisha bunduki za jeshi zima. Tena maofisa wengi wa zamani waliogopa kwamba askari akipewa bunduki inayojikoki atamaliza risasi zake zote kwa woga. Basi zikaundwa ZH-29 mia chache tu. Walionunua walinunua kidogo kidogo: Uchina, Siam, na nyingine kidogo zikaenda kwa mfalme wa Uhabeshi.

Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Kumbe ZH-29 ilifika Afrika! Ila haikufika kwa babu yangu mkuu. Ilifika upande wa pili wa mlango ambao yeye hakufunguliwa.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakatia saini mkataba. Wengi tunakumbushwa kwamba mkataba huo ulipiga vita biashara ya watumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa kuingia na kuuzwa ovyo katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Tunduma iko kwenye nyuzi 9 kusini. Tumo ndani kabisa. Bunduki ya kisasa iliingia kwa mkono wa serikali ya kikoloni na watu wake. Mwananchi alibaki na gobore lake la kushindilia, kama hilo alilipata.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walilivizia jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo. Zelewski huyu watu walimwita Nyundo. Aliuawa yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake, na Wahehe wakachukua bunduki zipatazo 300. Hiyo ndiyo njia iliyobaki ya Mwafrika kupata bunduki ya kisasa: kumnyang'anya mwenye nayo.

Na hao askari wa Kiafrika waliomtumikia Mjerumani walipewa nini? Vita ilipoanza mwaka 1914 makampuni yao mengi yalikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Risasi moja, pakia, risasi moja, pakia. Unene wa risasi ulikuwa milimita 11, na baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya zamani. Ufaransa ilikuwa imegundua baruti isiyo na moshi tangu mwaka 1884, miaka 30 nyuma, na askari wa Ulaya hakuwa akitumia tena hiyo nyeusi. Askari wa hapa akipiga mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chake kama mtu aliyewasha jiko la kuni mbichi. Adui haulizi tena yuko wapi.

Askari hao walipata bunduki bora kwa njia ile ile ya Lugalo. Waliposhinda Tanga mwezi Novemba 1914 waliokota bunduki mamia, bombomu 16 na risasi 600,000 za Waingereza. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakawapiga Wareno pale Ngomano na kuvaa silaha zao. Mwishoni mwa Oktoba 1918 msafara wa Jenerali von Lettow-Vorbeck ulipita hapa hapa kwetu Mbozi, ukaelekea Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na ilipo Nakonde sasa. Ni siku zile zile ambapo kule Ulaya Czechoslovakia inazaliwa. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, msafara ukasalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala.

Hesabu ya siku hiyo aliiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe. Mzinga mmoja wa Kireno. Bombomu 37. Bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, wala hakuna hata moja ya kisasa ya Kijerumani. Risasi 208,000. Askari 1,156. Wapagazi 1,598. Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilifurahia wingi wa tarakimu, kama mwandishi yeyote anayetafuta mambo ya kujaza sura. Mara ya pili nikaona kitu kingine. Bunduki zimeelezwa asili yake, hii ya huku na ile ya kule. Askari na wapagazi ni jumla tu. Watu 2,754 wamesimama kwenye mstari mmoja na risasi, wakihesabiwa.

MFALME ANAYENUNUA

Sasa turudi kwenye mlango. Uhabeshi haikutawaliwa. Ilikuwa imempiga Mtaliano Adwa mwaka 1896, na Haile Selassie alipotawazwa mwaka 1930 alikuwa mfalme anayeweza kutuma mtu Ulaya na fedha mkononi kuchagua silaha. Mwaka huo huo Uingereza, Ufaransa na Italia zilitia saini naye mkataba kuhusu uingizaji wa silaha nchini mwake. Ndiyo maana bunduki iliyokuwa mpya hata kwa Wamarekani ilimfikia. Mtanganyika wa mwaka 1930 hakuweza kuagiza hata kisu cha jeshi.

Lakini usishangilie mapema. Italia ilipoanza kuonyesha meno, katikati ya mwaka 1935, Uingereza na Ufaransa zilisimamisha leseni za silaha kwa pande zote mbili. Kwa mdomo ni haki sawa. Ila Italia ilikuwa na viwanda vyake, Uhabeshi haikuwa navyo. Tarehe 3 Oktoba 1935 Waitaliano wakavuka mpaka, na ndege zao zikamwaga gesi ya sumu. Bunduki chache nzuri hazizuii ndege. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka.

Mimi nilikuwa na ndoto ya kuandika kwamba silaha bora humwokoa mnyonge. Historia ikanikatalia. Mwenye ZH-29 alishindwa, na waliokuja kumsaidia miaka mitano baadaye walikuja na komeo.

KEYA

Waliokuja ni pamoja na Keya. Vijana wa leo neno hili halitumiki sana, lakini kwa wazee Keya ni K.A.R., jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Batalioni za sita zilikuwa za Tanganyika. Bunduki yao ilikuwa Lee-Enfield: magazini ya risasi 10, komeo upande wa kulia, uzito kama kilo nne.

Hapa lazima niseme ukweli ulioniudhi. Nilikwisha kuandika aya kali kwamba Mwafrika alipewa bunduki kuukuu makusudi huku Mzungu akibeba mpya. Kwa mwaka 1914, chini ya Mjerumani, aya hiyo inasimama. Kwa mwaka 1941 haisimami. Askari Mwingereza naye alikuwa na Lee-Enfield yake ya komeo kule Afrika Kaskazini. Kati ya nchi za Magharibi ni Marekani pekee iliyompa kila askari wake wa miguu bunduki inayojikoki. Niliifuta aya ile. Iliniuma kuliko kufuta sura ya tatu, maana ilikuwa nzuri jamani!

Lakini wakati nafuta, nikapata kitu ambacho sikukitafuta. Wakumbuke wale ndugu wawili. Václav Holek, kaka yake Emanuel, alibuni bunduki nyepesi ya rashasha iliyoundwa pale pale Brno. Waingereza waliijaribu, wakaipenda, wakanunua haki ya kuiunda katika kiwanda chao cha Enfield. Wakachukua herufi mbili za Brno na mbili za Enfield, wakaiita Bren. Na Bren ilikuwa mikononi mwa Keya Uhabeshi na Bama.

Nilimpigia babu simu usiku ule ule.

"Babu, baba yako aliwahi kutaja bunduki inayoitwa Bren?"

"Breni? Brengani?" Sauti yake ikabadilika. "Hiyo si ilikuwa ya rafiki yake. Yeye, baba, alimbebea magazini."

Basi bunduki ya mdogo ilishindwa sokoni, ikabaki kitu cha kuwindwa na wakusanyaji. Bunduki ya kaka ikafika mpaka kwa mtoto wa Mbozi ambaye kazi yake ilikuwa kumbebea mwenzake magazini. Karakana ni moja, lakini moja ilikuwa na mnunuzi mwenye dola.

COLITO

Tarehe 19 Mei 1941, kusini mwa Uhabeshi, batalioni ya kwanza ya sita ya Keya ilivuka mto Billate karibu na Colito, mji ambao sasa ni Alaba Kulito. Walikuwa wamekwisha kuvuka, wako upande wa adui na silaha za kubeba mkononi tu, ndipo vifaru vya Waitaliano vikajitokeza kutoka vichakani. Risasi ya Lee-Enfield kwa kifaru ni kama kurushia bati punje za mahindi.

Sajenti Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia kifaru cha kwanza, akafungua mlango wa juu, akawapiga waliomo kwa bastola na kumlazimisha dereva akipeleke mafichoni. Akajaribu mzinga wa kifaru, ukakataa. Akashuka kuvifuata vingine kwa miguu. Akafungua cha pili, na kabla hajamaliza akapigwa risasi. Mwaka 1945 alitunukiwa, akiwa amekwisha kufa, Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Hakuna mtu wa kumnyima heshima hiyo.

Lakini taarifa rasmi ya nishani hiyo inasema kwamba alipovifuata vile vifaru kwa miguu hakuwa peke yake. Alikuwa na sajenti meja wa Kiafrika na askari wengine wawili. Ndivyo ilivyoandikwa: sajenti meja wa Kiafrika na askari wawili. Majina hayakutajwa. Watu watatu wametoka mafichoni, wamekimbilia vifaru wakiwa na bunduki za komeo, tena bila mlango wa kujificha nyuma yake, na karani akaona inatosha kuandika idadi.

Niliisoma taarifa ile mara nyingi. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima kutafuta habari za bunduki moja. Nilijua mji ilikoundwa, fundi aliyeibuni, kaka yake fundi, uzito, unene wa risasi, na mlango wake unainama upande. Bunduki adimu za namna ile zina wasifu. Kila moja ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na wapo watu wanaozifuata namba hizo kutoka mnada hadi mnada, kutoka makumbusho hadi makumbusho. Na wale watu watatu wa Colito?

Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari, tangu mwaka 1927, katikati kabisa ya ile miaka ya vita viwili. Askari wa shaba ameinamia mbele na bunduki yake yenye singe. Ukitazama bunduki unaweza kuijua ni ya aina gani. Ukitazama uso huwezi kujua ni wa nani. Ni wa wote, yaani si wa mtu. Na wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile ya kwanza, walituachia jina la soko, Kariakoo, kutokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza.

Kambi ya Keya ya Dar es Salaam ilipewa jina la Colito, kwa kumbukumbu ya vita ile. Ndiyo kambi ambayo maasi ya wanajeshi yalianzia Januari 1964. Baadaye ikabadilishwa jina, na jina jipya ni Lugalo. Napenda mabadiliko hayo. Mahali ambapo askari wetu walipigana kwa amri ya mwingine, pakapishwa na mahali ambapo wazee wetu waliamua wenyewe. Lakini nauliza kwa sauti ya chini: tulipofuta jina Colito ukutani, tuliwafuta pia wale watatu? Walikuwa wa kwetu. Batalioni ile ilikuwa ya Tanganyika.

NAMBA

Nilirudi Mbozi mwezi uliofuata. Safari hii nilibeba tumbaku.

"Babu, ulikuwa sahihi. Nimeifuta."

"Nilijua." Akanusa tumbaku yake kwa starehe. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kutaja tarakimu, moja moja, polepole, kama mtoto anayekariri tebo. Nikamuuliza ni namba ya nini. Akasema ni namba ya bunduki ya baba yake. Jeshini mtu alitakiwa aijue kwa moyo, na ukiipoteza bunduki unaipata. Mzee aliikariri mpaka uzeeni, na mtoto wake akaidaka kama wimbo.

Nikaandika namba. Halafu nikauliza swali ambalo ningeuliza tangu siku ya kwanza, kama nisingekuwa nimelewa picha ya kwenye simu.

"Na rafiki yake wa Breni, aliitwaje?"

Babu alinyamaza. Nilisikia bodaboda ikipita kule barabarani. Nikafikiri amesahau, nikafikiri ndiyo basi. Halafu akataja jina. Akataja na la pili, la mtu wa Unyamwanga aliyekuwa akipika. Na la tatu, la yule ambaye hakurudi kutoka Bama, ambaye mama yake alikuwa akija kila mwaka wakati wa mavuno kumuuliza mzee kama kuna habari.

Majina hayo sitayaandika hapa, kwa sababu bado ninawatafuta watoto na wajukuu wao niwaombe ruhusa. Mmoja nimekwisha kusikia wako Mlowo. Lakini yako kwenye daftari langu, kurasa tatu kabla ya sura ya tatu mpya. Katika sura hiyo shujaa wangu hana bunduki ya ajabu. Ana komeo linalokwama kwa vumbi, begi la magazini za mtu mwingine begani, na rafiki ambaye anaitwa kwa jina lake.

Nawaandikia ninyi mnaoandika, wa Tunduma, wa Mbeya, wa Dar na kwingineko. Hata kimondo chetu cha Mbozi, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka angani, kimepimwa urefu na kuandikwa vitabuni. ZH-29 ina watu wa kuitunza habari zake, na Mungu awabariki kwa kazi yao, mimi nimefaidika. Ila wale wa Abercorn 1,156, na 1,598, na watatu wa Colito, hawana wakusanyaji. Wana sisi. Kama una mzee nyumbani, usimsomee tu sura yako ili akusifu. Mpelekee tumbaku, muulize jina, na umngoje anyamaze mpaka alitaje.